Maziwa ya Nyanya Mbele ya Askofu

Nilikubali kumdanganya askofu, na hadi leo ninajichukia. Hapa jijini, mtaani Hurlingham, kuna duka linalouza maziwa ya ngamia. Mwenye duka akifungua chupa, harufu ya moshi hunifanya nitoke nje.

Nilipokuwa mtoto kule kaskazini, askofu mzungu alifika bomani kwetu akiwa amejaa vumbi. Nyanya, ambaye hakujua Kiswahili, alimpa maziwa ya ngamia katika kibuyu alichokuwa amekifukiza kwa moshi ili yasiharibike. Katekista aliyekuja na askofu akaninong'oneza, "Wewe msomi, mwambie yameoza. Ama unataka Baba Askofu anywe masizi yenu?"

Nilitaka kuonekana nimestaarabika.

"Nyanya anasema nini?" askofu akaniuliza.

Nyanya alikuwa amesema, "Kunywa, mwanangu."

"Anasema usinywe, Baba. Yameoza."

Askofu akamrudishia kibuyu kwa mikono miwili.

"Umemwambia nini mgeni wangu?" Nyanya akauliza.

Nikamwambia. Akayamwaga maziwa yote miguuni pangu, na siku hiyo hatukuwa na mengine.

Nyanya aliishi miaka mingi baadaye. Hakuniita tena mjukuu wake, wala hakunipa chochote kwa mkono wake hadi tulipomzika.