Mkoba Nilioutupa Kibokoni

Niliutupa mkoba wenye dhahabu ya watu kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, kisha nikakimbilia upande mwingine bila kugeuka.

Usinicheke. Ndivyo nilivyofundishwa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Jina langu Batuli, nilikuwa nauza leso katika duka moja la Biashara Street, Mombasa. Siku zile tulikuwa na hofu ya vichochoro. Leo utasikia fulani kakatwa mkufu shingoni, kesho fulani kanyang'anywa mkoba. Basi sisi wauzaji wanawake tukajikusanya, tukatafuta mwalimu wa kutufundisha kujihami.

Tukampata Bwana Oloo, mlinzi wa ghala moja kule Mbaraki, mtu aliyecheza ndondi ujanani. Kila Jumamosi alasiri tulikutana naye katika chumba juu ya mkahawa mmoja wa Makadara, na mabuibui yetu tumeyafunga viunoni.

Mimi nilidhani tutafundishwa kurusha mateke. Wapi! Oloo alituambia kwamba aliyeshinda ni yule aliyefika kwao mzima.

Alitufundisha kumwangalia mtu mapema, kabla hajatukaribia. Alitwambia tukubali kumpa mtu mali lakini tusikubali kwenda naye popote, hata akisema ni hatua mbili tu. Na tukipiga kelele tuseme "moto", kwa sababu mtu akisikia "mwizi" huenda akafunga mlango wake, lakini moto ni wa mtaa mzima.

Funzo lake kubwa lilikuwa hili. Mtu akikutaka mkoba, usimpe mkononi. Utupe mbali, nawe kimbilia upande mwingine. Achague mkoba au wewe, na mwizi huchagua mkoba.

"Na mahali pa kutupa pachagueni leo," alisema, "siyo siku hiyo. Siku hiyo akili haitakuwepo."

Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa mazoezi. Wangu alikuwa Mwanaesha.

Mwanaesha tulisoma naye chuoni, kwenye Kurani, tukiwa wadogo, tukala sahani moja, tukashonewa nguo za Idi kwa kitambaa kimoja. Yeye ndiye aliyetembea nami njia yangu yote kutoka kwetu Makadara hadi kwa shangazi, Kibokoni, tukachagua pamoja. Penye njia panda nyuma ya nyumba ya ghorofa, mkoba ungekwenda kushoto, kwenye uchochoro usiopitwa na watu. Mimi ningekimbia kulia, kuelekea msikitini. Tulipafanyia mazoezi hapo mpaka mkono wangu ukazoea.

Ikaja harusi ya mdogo wangu. Bibi arusi alikuwa ametiwa ndani kwa shangazi kungoja siku yake, na dhahabu ya kumpambia tuliazima kwa jirani yetu Mama Jaffar. Kwetu hilo si jambo la aibu. Dhahabu ya mtaa huvaliwa na mtaa, lakini atakayeipoteza atabaki na jina baya maisha yake yote.

Nilipewa mimi kuipeleka. Mama akatia mkobani na chupa ya haludi, yale mafuta ya manukato ya bibi arusi. Kila nyumba ina mchanganyo wake, na wa mama alifunzwa na mamake, hakuna mwingine aliyeujua. Chupa ile ilikuwa imefungwa kwa nta, hata bibi arusi mwenyewe hajainusa.

Mwanaesha alinishauri niende wakati wa mchana, maduka yakishafungwa na watu wamejilaza. Alisema saa ile hata wezi hulala.

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini?

Nilipofika pale njia panda akanitokea mwanamume, kisu mkononi. Akasema nitoe mkoba.

Akili haikuwepo, siwezi kukudanganya, kama Oloo alivyosema. Lakini mkono ulikuwa unajua kazi yake. Mkoba ukaruka kushoto, nikasikia chupa ikipasuka kwenye mawe, nami nikatoka mbio kulia huku nikipiga ukelele wa moto.

Mtaa ukaamka. Mzee mmoja alitoka na ndoo ya maji kweli, akanimwagia mimi.

Tuliporudi pale, mkoba haukuwepo. Yalibaki tu matone ya haludi mawili matatu kwenye jiwe.

Nikasema basi, mwizi kauchukua. Hapo ndipo bibi mmoja aliyekuwa dirishani ghorofani aliponimaliza. Alisema amemwona yule mtu akikimbia kuelekea barabarani, na mikononi hana kitu ila kisu chake. Uchochoroni hakuingia kabisa.

Basi mkoba umekwenda wapi?

Watu wakanitazama mimi.

Jioni ile nyumba yetu ilijaa. Mama Jaffar hakunitukana, na heri angenitukana. Alikaa kitini akasema polepole, "Mwizi hakuchukua, na mkoba haupo. Wewe wasema uliutupa mwenyewe. Batuli, nani hutupa dhahabu?"

Nikamweleza habari za mafunzo. Oloo hakuwepo kunitetea, alikuwa amesafiri kwao Kisumu mazikoni. Nikasema, basi muulizeni Mwanaesha, tulikuwa naye.

Mwanaesha alikuwa amekaa karibu na mlango. Akainamisha macho.

"Kukimbia tulifunzwa," akasema. "Kutupa mkoba, mimi sikumsikia."

Nilimwangalia nikadhani amesahau. Wallahi, nilianza kumkumbusha, nikamtajia hata siku tuliyokwenda pamoja kuchagua mahali. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwonea haya mwenzake. Hata mama yangu aligeuza uso.

Usiku sikulala. Kuvamiwa na mtu nisiyemjua kulikuwa kumeshanitoka, lakini kichwa kile kilichotikiswa kilikuwa kinanirudia kila nikifumba macho.

Asubuhi wanawake walikuja kumenya vitunguu na kuchagua mchele, maana harusi haingoji. Mwanaesha naye akaja, mapema kuliko wote. Akapita akiwaamkia watu wazima mmoja mmoja, kama adabu yetu ilivyo, unashika mkono na kuubusu, na mwenzio naye anaubusu wako.

Akafika kwa mama.

"Nashika moo, Mama."

Mama akauinua ule mkono mdomoni, kisha akabaki nao hapo hapo. Hakuuachia. Akaunusa tena, taratibu, na vidole vyake vikakaza.

"Haludi hini ni yangu," akasema. "Mwanangu hajapakwa bado. Wewe imekufikaje?"

Mwanaesha akasema labda jana aliponikumbatia mimi.

"Batuli hakuishika. Chupa n'liifunga mimi, nikaitia mkobani mimi."

Visu vikanyamaza kwenye mbao. Mwanaesha alijaribu kuvuta mkono, mama akaushika kwa mikono miwili. Alikuwa ameuosha kwa ndimu na sabuni, ungeiona ngozi ilivyokauka, lakini haludi ya mama si kitu cha kutoka kwa ndimu.

Ikamtoka yote, palepale juu ya vitunguu. Mwenye kisu alikuwa mchumba wake, ambaye sisi hatujapata kumwona. Yeye mwenyewe alikuwa amejibanza mle uchochoroni tangu adhana ya adhuhuri, akingoja mkoba umwangukie miguuni. Dhahabu ilikuwa chini ya godoro lake, walikuwa wakingoja harusi ipite waiuze.

Nikamuuliza kwa nini mimi.

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

"Kwani uliumia?" akasema. "N'limwambia asikuguse."

Alitaka nimshukuru, jamani.

Dhahabu ilirudi ikinukia haludi hata kwenye vifundo vya mkufu, na mdogo wangu alipambwa nayo hivyo hivyo. Mama Jaffar alinijia mbele ya watu akaniomba radhi, nikampa, maana naye alikuwa na haki ya kuuliza. Mwanaesha na watu wake walihama mtaa kabla ya mwezi kwisha.

Oloo aliporudi nilimsimulia. Akasema kuanzia siku ile hakuna kuwa na mwenzako mmoja. Kila Jumamosi mtu abadilishe, na njia yake asimwonyeshe yeyote, hata yeye mwalimu.

Akanipa Kache, binti mpole aliyekuwa akiuza vitambaa duka la pili kutoka letu. Alinijia akitabasamu, akanyoosha mkono tuanze mazoezi. Mwili wangu ukaruka nyuma kabla sijafikiri, nikaliona tabasamu likimtoka usoni. Hakuwa amenikosea lolote.

Ndugu yangu unayesoma, mambo ya Oloo yashike, yanasaidia. Mtupie mwizi mkoba, piga kelele, kimbia, utafika kwenu mzima kama nilivyofika mimi. Lakini ukishachagua pa kutupa na pa kukimbilia, kaa napo moyoni, usimwambie hata unayekula naye sahani moja. Mimi nilimwambia wangu, na tangu hapo kila anayeninyooshea mkono kwa wema namkosea yeye.