Moshi Mweupe wa Lori la Maziwa

Umewahi kuwasha jiko kwa kuni mbichi, ukapuliza mpaka machozi yakakutoka, na moto wenyewe hakuna? Basi ndivyo lori hili la maziwa linavyoamshwa kila alfajiri ya baridi, na fundi wake amechoka.

"Shemeji, ngoja taa!" anamwambia dereva, mdogo wa mumewe. Mama huyu wa makamo, sweta juu ya ovaroli lenye mafuta, amesimama mlangoni mwa lori akipulizia viganja vyake.

Taa anayoisema ni ile ndogo ya dashibodi. Ikiwaka, ujue hita iliyo kwenye bomba la hewa inaipasha hewa moto kabla haijaingia kwenye injini. Ikizimika, ndipo upige stata. Kungoja kwenyewe hakuzidi kufunga kamba za viatu.

Shemeji havai viatu vya kamba. Anazungusha ufunguo. Injini inakohoa, inatetemeka, inazimika. Moshi mweupe unatanda uani, unapanda ukuta, unatua kwenye mashuka ya jirani.

"Nifue mara ngapi nyie watu?" jirani anafoka.

"Mwenzangu, hiyo ni dizeli isiyoungua," fundi anamjibu. "Tunainunua, tunaimwaga hewani."

Ana miaka kumi na tisa katika gereji hii. Leseni ya malori anayo, aliisomea jioni baada ya kuosha vyombo. Lakini kila akilijaribu lori huishia getini, akashuka, akawakabidhi wanaume usukani.

Shemeji sasa amechomoa kitambaa chini ya kiti. Anakichovya dizeli, anakiwasha, anakipeleka kwenye mdomo wa bomba la kuvutia hewa. Ndio ufundi wa wavivu, madereva hurithishana.

"Wee! Mle kuna filta ya karatasi!"

"Shemeji, gari linataka moto, halitaki kubembelezwa kama bibi harusi."

Karatasi inashika. Fundi anauzima moto kwa gunia lililoloa, huku akisema maneno yasiyoandikika gazetini. Huko barabarani wafugaji wameshapanga madebe yao, na maziwa hayamngoji mtu.

"Mbio za sakafuni hizo," anamwambia. "Shuka!"

Anafunga filta nyingine. Anapanda mwenyewe, anawasha hita, anatulia. Taa inazimika. Stata mara moja, na injini inaitika. Moshi unatoka kidogo, unakonda, unakwisha.

Ndipo tajiri mwenye lori anapoingia, kandambili miguuni, koti juu ya nguo za kulalia.

"Kila siku makelele! Hita nimenunua. Filta nimenunua. Mama, unataka nini tena?"

Fundi anafungua mdomo aseme habari za kitambaa. Anaziacha, anashika usukani. Shemeji amesogea mlangoni, anangoja ashuke.

Hashuki.

"Nataka kuendesha," anasema. "Siyo mpaka getini, tajiri. Mpaka maziwa yanakokwenda."