Bolti Iliyotuzuia Mlimani

Kuna harufu moja inayonirudisha utotoni mpaka leo: harufu ya maji ya rejeta yaliyochemka, yenye kutu na utamu fulani wa kuchefua. Juzi juzi gari la mpita njia lilisimama karibu na geti langu hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, boneti likifuka mvuke, na kabla sijamwona dereva nilikuwa nimeshaangusha ufagio. Jirani yangu alidhani nimepatwa na kizunguzungu. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimerudi kwenye mlima wa kutokea Ilemba, mtoto wa miaka tisa, mdogo wangu Deo akiungua homa mapajani mwangu.

Tulikuwa tumeshuka Ilemba kwa bibi, mzaa mama, kumsaidia kuvuna. Sisi watu wa huku juu tumezoea baridi. Kule bondeni jua linakuchoma na mbu wanakumalizia. Deo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema maneno mawili kwa pamoja. Siku moja aliamka hataki uji, na jua lilipopanda mwili wake ulikuwa wa moto kama chungu. Kwenye zahanati walimpa dawa ya kwanza wakamwambia Mama, "Mwahisheni hospitali Sumbawanga." Baba akawasha pikapu.

Ile pikapu niwaeleze kidogo. Ilikuwa kuukuu, mlango mmoja ukifungwa kwa kamba, lakini Baba aliionea wivu. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa injini yake. Mama alikuwa akituambia kwamba siku ya harusi yao Baba aliangalia oili kwanza, ndipo akaingia kanisani, na sikuwahi kujua kama anatania.

Tulipanda ule ukuta wa milima, Lyamba lya Mfipa, kona baada ya kona, na katikati ya mlima gari likachemsha. Mvuke ukatoka kwa kishindo. Baba alipiga breki, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua boneti na kusimama akiangalia. Simu yake haikushika mtandao. Barabara ilikuwa kimya juu na chini.

"Ni themostati," alisema. "Imeganda, maji hayazunguki. Nikiitoa tutafika bila hiyo."

Ilishikwa na bolti mbili. Ya mbele ilifunguka vizuri. Ya nyuma ilikuwa imejibana chini ya bomba la hewa, mahali pa kupitisha vidole tu, na spana ya Baba ilikuwa imechoka mdomo. Akavuta, ikateleza. Akavuta tena, ikateleza. Kila ilipoteleza nilisikia mlio wa chuma kukwaruza chuma, na Baba akatoa mkono umechunika vifundo. Mara ya mwisho hakuvuta tena.

"Imelika kichwa," alisema kwa sauti ndogo. "Imekuwa duara. Spana haina pa kushika."

Mama alikuwa ameketi kivulini mwa gari, akimpangusa Deo kwa kitambaa kilicholowa. Maji tuliyokuwa nayo ni dumu moja, na hilo hilo ndilo lililosubiriwa na rejeta, kwa hiyo alikilowesha kitambaa kwa kubana sana, kama anayeiba. Alinyanyuka, akaja akachungulia.

"Baba Anjela, mkono wako haupiti hapo. Wangu unapita."

"Kuna moto humo, Mama Anjela."

"Nipe ile tupa unayonolea panga."

Baba alimtazama, kisha akaenda kuitoa chini ya kiti. Na Mama akanigeukia, akaniwekea Deo mapajani. "Mshike hivi. Kichwa kiwe juu kidogo. Uwe unampangusa." Akafunga kanga kiunoni, akaniachia mtoto mgonjwa, akaingiza mkono kwenye injini.

Niliudhika, siwafichi. Nilijua habari za watoto waliokufa kwa homa. Hata pale Malangali tulipokuwa tukiishi palikuwa na kaburi dogo nililolipita kila nikienda shule. Mama mwenye mtoto anayeungua anawezaje kwenda kukwaruza chuma? Nilimwona mgongo tu. Alikuwa akisugua bila kuona, kwa kupapasa, na Baba akimwelekeza: "Upande mmoja kwanza. Upate ubapa. Sasa upande wa pili, uelekeane na huo." Ile tupa ililia krii, krii, taratibu, na Deo akaacha kulia.

Kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha zaidi. Alikuwa mzito ghafla. Nilimwita jina, hakuniangalia. Nikampangusa paji la uso, nikasali Salamu Maria nikiruka maneno, nikaanza upya.

"Nimepata ubapa," Mama alisema. Baba akampa spana ndogo zaidi. Mama akaigongea taratibu kwa jiwe mpaka ikang'ata.

"Polepole," Baba akanong'ona. "Ikikatika humo ndani, hatuna tena la kufanya."

Hapo ndipo Deo alipokakamaa. Macho yakapanda juu, mikono ikaanza kurukaruka.

"Mama!" nilipiga yowe. "Mama, Deo!"

Hakugeuka. Nasema hakugeuka. Baba ndiye aliyenikimbilia. Sauti ya Mama ikatoka ndani ya boneti, kavu, kama ya mtu mwingine: "Mlaze ubavu, mwanangu. Usimtie kitu mdomoni. Usimwachie."

Baba alinisaidia kumlaza ubavu. Nikamshika. Na nyuma ya kilio changu nikasikia bolti ikitoa mlio mmoja mkali, halafu mwingine mlaini.

"Imeachia," Mama alisema.

Alikuja mbio kumchukua mtoto, ambaye mwili wake ulikuwa umelegea na pumzi zimerudi. Baba aliitoa themostati, akakata kipande cha boksi akakipaka grisi kuziba, akafunga, akamimina maji yote. Gari likawaka. Tulipanda hadi juu, na ule upepo baridi wa kwetu ulipoingia dirishani Deo akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Hospitali walimtundikia dripu, na baada ya siku chache alirudi nyumbani akidai mandazi. Siku hizi ni mwanaume mwenye ndevu.

Lakini mimi nilibaki na mgongo wa Mama kwa miaka mingi. Nilikuwa nikimpenda huku nikiwa na kinyongo kidogo ambacho sikumwambia mtu. Mpaka nilipozaa mimi mwenyewe, na usiku wa homa ya kwanza ya mwanangu, ndipo nilipokumbuka kitu nilichokiona pale hospitali nikakipita: baada ya Deo kupokelewa, muuguzi alimpa Mama kikombe cha chai, na Mama alishindwa kukishika. Mikono yake yote miwili ilitetemeka, chai ikamwagikia kanga, na mkono wa kulia ulikuwa na malengelenge mpaka kwenye kiwiko.

Nilimuuliza hatimaye, tukipepeta ulezi uani kwake. Kwa nini hukugeuka nilipokuita?

Alipepeta kidogo, akapuliza makapi.

"Ningegeuka," alisema, "mkono ungetetemeka."