Springi ya Cherehani

Mume wangu ni fundi umeme wa magari, na watu wote wanamwita Cheche, hata mama yake mzazi. Ni mtu wa kimya. Ukimuuliza kama chai ina sukari ya kutosha, anafikiri kwanza. Mimi mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo ndoa yetu imekwenda vizuri: mmoja anasema, mwingine anatengeneza.

Gereji iko mbele ya nyumba, ndani ya geti moja na sisi, na meza yake ya kazi iko chini ya dirisha la chumba cha mama mkwe. Kila alfajiri mama mkwe alitoka na shuka begani, akavuta komeo, akalifungua geti wazi. "Anakuja," alikuwa akisema. "Nimesikia gari linakohoa pale kona." Alisimama hapo mpaka jua litoke, kisha akarudi ndani kupepeta mchele kana kwamba hakuna lililotokea. Sisi wengine hatukusikia kitu. Mwanzoni nilimcheka kimoyomoyo. Halafu siku moja nikamfuata, na pale getini, barabara ikiwa tupu, pakanuka petroli na tope bichi. Sikucheka tena.

Aliyengojewa ni shemeji yangu, mdogo wake Cheche. Alikuwa na gari jekundu la zamani, la milango miwili, lililotengenezwa kwa mbio na si kwa kubeba magunia, na alilipenda kuliko wachumba zake, ambao hawakuwa wachache. Siku moja injini ikaanza kukosa pumzi. Cheche akafungua distributa, yaani kile kidude kinachogawa moto kwa kila plagi kwa zamu yake, akakuta springi moja ndogo ya ndani imekatika. Madukani haikupatikana. Basi akaenda kwenye cherehani ya mama yake, akachomoa springi ya kuvutia uzi, akaikata ncha kwa koleo, akaifunga humo. Gari likawaka papo hapo. Mama alifoka mpaka majirani wakachungulia. Shemeji akatoa kichwa dirishani, akacheka. "Mama, usijali. Springi yako nitakurudishia mwenyewe, mkononi mwako." Akaenda kulijaribu gari kwenye mlima wa barabara ya bwawa. Hakurudi, na gari nalo halikuonekana, hata kipande cha kioo.

Watu walisema injini ilizima mlimani, gari likarudi nyuma likatumbukia kusikojulikana. Walisema mbele ya Cheche, bila haya. Tangu hapo mume wangu akabeba swali moja: springi ile ilichomoka? Kama ilichomoka, basi alimuua mdogo wake kwa mkono wake. Hakuniambia, lakini nalala naye kitanda kimoja, najua. Hakufungua tena distributa ya mtu. Mteja akija na mbovu, alimtuma dukani kununua mpya. Mama naye cherehani yake iliruka mishono miaka yote, akakataa kutafutiwa springi nyingine. "Yangu inakuja," alisema. Mashati ya shemeji yakaendelea kuning'inia kabatini yamepigwa pasi, na ole wake aliyeyagusa.

Ndipo akaja Mwalimu. Huyu ni mama mstaafu, alifundisha hesabu, mjane, na marehemu mumewe alimwachia gari la aina ileile, la buluu. Aliliingiza kwetu akilisukuma na wapita njia.

"Fundi, gari hili lina neno na wewe," alisema. "Kila likifika mbele ya geti lako linazima."

"Linafika hapa likiwa limeshapata moto, Mwalimu. Ndiyo maana."

"Kwa kinyozi hapo mbele pia linafika na moto. Mbona kwa kinyozi halizimi?"

Cheche alifungua boneti. Aliinamia injini, akashika shafti ya distributa, ule mhimili wake wa katikati, akaitikisa. Ilicheza huku na huku. La kuvunda halina ubani. Ilibidi itafutwe nyingine.

"Nitafutie ya kuaminika," Mwalimu alisema. "Sitaki kusukumwa barabarani kama toroli. Uzuri wa sura sitaki, nimeshaolewa."

Gari la umri ule huwezi kulinunulia kipuri kama unavyonunua kiberiti. Mpaka mwisho wa juma tulikuwa tumepata distributa tatu, zikalazwa mezani chini ya dirisha la Mama. Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, ya bandia. Cheche akaishika shafti kwa vidole viwili, nayo ikacheza kama jino la mtoto. Akaisogeza pembeni. Ya pili ilikuwa ya kisasa, isiyo na platini, vile vincha viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme. Hiyo aliisifu. "Lakini hizi zikifa zinakufa bila kuaga," alisema. "Yenye platini hukohoa kwanza, ikakupa nafasi ya kufika nyumbani."

Ya tatu nilikuwa nimeileta mimi kutoka kwa Kutu, muuza vyuma chakavu. Ilikuwa na tope kavu mgongoni, sura mbaya, lakini ya asili. Cheche akaitikisa shafti. Haikucheza hata kidogo. Kipimo chake cha mwisho ni rota, ile ncha inayozunguka ndani: ukiipinda kwa vidole na kuiachia, lazima springi ziirudishe yenyewe. Akaipinda, akaiachia. Ikarudi, tik. Akaisogeza sikioni, akapinda tena. Tik. Juu yetu dirisha la Mama likafunguka, na hakuna aliyetokeza.

"Hii," alisema Cheche, na sauti yake haikuwa yake. "Hii ndiyo ya kuaminika."

Akafungua sahani ya ndani kwa bisibisi. Chuma kilichokaa topeni huoza. Hiki kilikuwa kikavu, mafuta yanang'aa kama yametiwa asubuhi ile. Na kati ya zile springi mbili, moja ilikuwa nene, ya kiwandani. Ya pili ilikuwa nyembamba, nyeusi, ncha yake imekatwa upande kwa koleo. Hakuna fundi mwingine duniani ambaye angefanya ujinga ule.

Tulikwenda kwa Kutu papo hapo. Alikuwa anapima betri.

"Ile imetoka bwawani," alisema. "Mwaka huu maji yamepungua sana, paa la gari likaonekana chini ya ile kona ya mlimani. Tukalivuta kwa mnyororo."

"Na mtu?" nikauliza.

"Hakukuwa na mtu, dada. Hata mfupa." Akafuta mikono kwa muda mrefu. "Vioo vyote vilikuwa vimefungwa mpaka juu. Ila mkanda wa dereva ulikuwa umefungwa, tena umekaza, kama umemshika mtu. Vijana wangu waligoma kuukata. Nikaukata mimi, na tangu siku hiyo silali vizuri. Hiyo distributa kaeni nayo tu."

Tuliporudi, Mama alikuwa amesimama kando ya meza ya kazi, kiganja wazi, kama mtu aliyekwisha kuambiwa. Cheche akamwekea distributa mkononi. Naye akaipapasa ndani kwa kidole mpaka akafika kwenye springi.

"Ilikuwa imeshika, mwanangu?"

"Imeshika, Mama. Haikuchomoka."

"Basi si wewe."

Kumbe naye alijua. Miaka yote wanakula meza moja, kila mmoja anajua swali la mwenzake na hakuna anayeligusa. Cheche akakaa juu ya tairi akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, nami nikamshika kichwa. Mama hakulia. Aliinua distributa usawa wa macho.

"Ahadi ni deni," alisema. "Ameleta. Sasa nitolee springi yangu."

Cheche akaitoa. Kwenye distributa mbovu ya Mwalimu shafti ndiyo ilikuwa imekwisha, springi zilikuwa nzima, kwa hiyo akahamishia moja kwenye ile iliyotoka bwawani. Tulimwambia Mwalimu ukweli wote kabla ya kuifunga, kwamba ilitoka kwenye gari la marehemu. Aligonga boneti kwa kidole.

"Hata gari hili ni la marehemu," alisema. "Wataelewana."

Likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Lilinguruma, kisha likakohoa mara moja, kikohozi kifupi nilichokuwa sijakisikia tangu shemeji aondoke. Mama akavuta komeo, akafungua geti. Gari likapita pale lilipozoea kuzima, likapita kwa kinyozi, likapotea. Mama akalifunga geti, akarudisha komeo, akalijaribu kwa mkono.

Alfajiri iliyofuata niliamka kabla ya jua. Gari lilikuwa linakohoa pale kona. Nililisikia mimi mwenyewe, waziwazi, na Mwalimu anakaa upande wa pili wa mji. Nilipomgusa Cheche, alikuwa macho. Tukangoja mlio wa komeo, haukuja. Badala yake ikaanza cherehani, haraka, haikuruka hata mshono mmoja.

Nikaenda chumbani kwa Mama. Kabati lilikuwa wazi na tupu. Mashati ya shemeji yalikuwa yamelundikwa kitandani, yamekatwa mikono, na Mama alikuwa anayashona foronya.

"Shika huku, mkwe wangu," alisema. "Kitambaa kinateleza."

Nikashika. Nje, mbele ya geti, gari likakohoa tena, karibu kabisa.

"Mwache aende," alisema Mama, akakanyaga cherehani.