Kifungo cha Shati kwenye Tabaka la Chini

Jamani, sina uso wa kuisimulia hii, lakini nyie wenzangu. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke nizame, na mie nilikuwa nimeshasimama ndani ya shimo!

Nilikuwa nikichekecha mchanga kwenye magofu karibu na Mtambile, kisiwani kwetu, wataalamu walikuja kuchimba wajue mji ule ulikaliwa lini na lini. Kila tabaka la udongo lina watu wake, akitwambia mkubwa wetu, Daktari Asha (Muunguja, anasema kama redio), na mkaa ukiokotwa kwenye tabaka hupimwa, ukajulikana umri. Sasa mie nina mume, Salimu, alivuka kwenda Mombasa uchaguzi ulipoharibika, mwaka wa tatu ule hana barua wala salamu. Kwa watu nikijigamba: simtaki, mashati yake nimeyachoma moto! (Uongo. Moja nikililalia.)

Kwetu mtu mwenye haja hupeleka ubani magofuni. Basi wenzangu walipokwenda kusali alasiri nikashuka tabaka la chini kabisa, nikakoka vijikaa viwili, nikatia ubani na kipande cha kola ya lile shati, nikaomba arudi, mara nikasikia viatu, nikafukia haraka haraka.

Kesho yake wakaja wageni kutazama uchimbaji, kijiji kizima kipo, na mama mkwe wangu, Bi Time, mbele kabisa. Daktari akapapasa pale pale.

"Mkaa! Huu utatwambia wakaazi wa mwanzo waliingia lini!"

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikachukua chekeche kama sijui kitu, nikachekecha, na mbele ya macho yote kikabaki kifungo cheupe cha plastiki, kimeungua ukingo.

"Kumbe watu wa mwanzo wakivaa mashati?" akauliza mgeni mmoja, watu wakaangua kicheko. Bi Time hakucheka. Alikiokota akakigeuza.

"Hiki si cha lile shati la Salimu la sikukuu ya Idi? Nilikishona mwenyewe, uzi wa buluu huu. Weye si ulisema umeyachoma? Mbona hiki kinanuka ubani?"

"Namtaka, mama," nikasema, machozi yananidondoka kwenye chekeche. "Namtaka arudi."

Daktari akaumwaga ule mkaa, akafuta alichoandika. "Ungesema mapema, Bi Raya," akanambia, wala hakunifukuza.

Bi Time alinishika mkono mpaka nyumbani. Wallahi sichomi tena ubani kwenye shimo la watu. Kifungo nimekishona, na kola nimetia mpya, ya kanga yangu, maua mekundu. Salimu akiliona shati atanicheka. Na anicheke, bora aje.