Bibi wa Kwenye Kalenda

Juzi hapa Buswelu mwanafunzi wangu kaniletea picha kwenye simu huku wenzake wakicheka. "Mwalimu, mtazame huyu mshamba." Nikatazama. Ni bibi yangu.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu. Miaka ya tisini, kila likizo nilivuka na kivuko kwenda kwake Sengerema. Asubuhi ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, redio yake inasoma taarifa ya habari, nami nachambua pamba mpaka vidole vinawasha. Siku moja wakaja wageni wawili wenye kamera, na dereva wa kuwatafsiria. Bibi akafurahi mno. Akalipiga pasi ya mkaa gauni lake la bluu la kanisani, akavaa na soksi. Wageni wakatikisa vichwa. "Bibi, wanataka uvae ile kaniki ya shambani," dereva akasema. "Na redio iondoke." Akabadilisha. Aliomba kitu kimoja tu, picha yake imfikie.

Mwaka uliofuata, mwalimu wetu kule Mabatini nilikosoma akabandika ubaoni kalenda ya ng'ambo. Mwezi wa nane alikuwa bibi, peku, na chini yake maneno ambayo mwalimu alitutafsiria: watu wa asili waliosahauliwa na dunia. Darasa likacheka, nami nikacheka. Mwalimu hakucheka. Kwa kila gazeti, kila video, alikuwa na maswali yale yale: nani kapiga picha, kamwambia nini anayepigwa picha, na kitu gani kimeondolewa? Kisha akauliza, "Kuna anayemfahamu mama huyu?"

Majibu yote nilikuwa nayo. Nikainamisha kichwa kwa aibu, nikijifanya nachonga penseli.

Likizo ilipofika, kabla sijatua mzigo, bibi akaniuliza, "Picha yangu imekuja?" Nikamwambia bado. Aliuliza likizo tatu, halafu akaacha. Alifariki hajaiona, na hilo linaniudhi mpaka leo, tena najiudhi mwenyewe kuliko wale wageni.

Redio ile haipo, pamba pale hailimwi tena, mwalimu alishastaafu. Iliyobaki ni picha ile, na sina nyingine ya bibi.

Basi juzi nikaandika ubaoni maswali ya mwalimu. Nikawauliza wanafunzi, nani anamfahamu mama huyu? Nikanyoosha mkono mimi mwenyewe.

"Ni bibi yangu," nikasema. "Gauni lake la bluu limetundikwa nyuma ya mlango huo mnaouona pichani."