Mlima Ulitoka Vizuri

Chekeni tu, minye niko tayari, maana aibu ya siku ile nimeibeba miaka yote na haijapungua. Mutu akisema "foto" mbele yangu, mpaka leo naangalia chini kwanza. Na yote ilianza na kitu kidogo kabisa, kidole changu hiki kilizungusha pete ya aparei, kamera yangu ya kupigia foto.

Ilikuwa kisha ya Uhuru, mbele ya uasi kuingia Uvira, muji wetu wa kando ya ziwa. Minye njo nilikuwa mpiga foto wa mtaa wa Mulongwe, na kiburi changu (ee, niacheni niseme mwenyewe mbele mseme nyinyi) kilinizidi kimo. Kupiga watu sura kulinichosha, nilitaka ziwa na milima. Wa kwetu wanajua: mangaribi hakuna kitu, jua linajificha mapema nyuma ya milima na muji wote unabaki kivulini. Lakini asubuhi, likitoka upande wa Burundi, linapita juu ya maji na kupiga milima usoni, kila bonde linaonekana, kila njia ya ng'ombe, dakika chache tu, kisha joto linaleta ukungu na kufuta yote.

Jirani yangu Zakaria, fundi wa kushona, alikuwa hajapigwa foto tangu azaliwe. Alikuwa ameoa juzijuzi, na bibi yake Esteri alikuwa na mimba, akimusumbua kila siku: "Nataka sura yako ukutani, mutoto akue akiiona." Basi Zakaria akanijia na shati jeupe aliloshona mwenyewe. Filimu yangu ilikuwa imebakiza foto moja, nyingine ilipaswa kutoka Bujumbura. Mwenye akili angemukalisha kwenye kiti, mbele ya ukuta, paa! kazi imeisha. Minye nikasema: "Zakaria, nitakupiga kando ya ziwa, weye na milima pamoja. Utaona!"

Tukaenda pale mto Mulongwe unapoingia ziwani, penye ulimi wa mchanga, ukigeuka unapata maji na milima nyuma yake. Nikachimbia miguu ya aparei mchangani, nikaikandamiza na mawe isitikisike. Sasa, kama unataka mutu wa karibu na mlima wa mbali vyote vitoke wazi, lazima ufunge jicho la aparei likuwe kama tundu la sindano. Lakini jicho likiwa dogo mwanga unaingia polepole, basi unaliacha wazi muda, na mutu asitikisike hata kidogo. Ningelipanua, Zakaria angetoka vizuri na mlima ungekuwa na ukungu ukungu. Nikachagua mlima, nikazungusha pete mpaka jicho likabaki tundu.

"Usipumue, Zakaria."

"Na nikianguka?"

"Anguka foto ikiisha."

Nikafungua jicho. Macho yangu mwenyewe yalikuwa mlimani, maana mwanga ulikuwa unashuka mabondeni, mwekundu, haki ya Mungu sijauona tena vile. Njo nikasikia sauti ya mwanamuke: "Yambo, mukwe." Na Zakaria: "Yambo sana, mama." Alikuwa mama mukwe wake, mama ya Esteri, anashuka kuchota maji. Na kwetu mwanaume akikutana na mama mukwe wake hasimami wima kama mti wa umeme: anageuza uso, anainama, anapisha. Nikafunga jicho. Nikajiambia, pengine ni mdomo tu uliosogea. Kumuuliza Zakaria sikumuuliza, nilikuwa na furaha ya mlima wangu.

Kisha uasi ukaingia. Njia zikafungwa, filimu ikalala ndani ya kopo lake. Wapiganaji wakakamata wanaume wa kubeba mizigo yao kupanda milima ya Rurambo, Zakaria naye, na hakurudi. Waliorudi walisema wamemuzika njiani, zaidi ya hapo hawakusema.

Njia ya ziwa ilipofunguka, familia ikapanga kumulilia kama inavyofaa, hata bila muili. Esteri akanijia, mutoto mugongoni, binti anaitwa Riziki.

"Ile foto iko?"

"Iko."

"Iko muzuri?"

Hapo ningesema sijue. Nikasema: "Mama, utaona kama anakuangalia." Mdomo uliponza kichwa, jamani.

Nikatuma filimu Bujumbura, nikaagiza foto kubwa yenye kadri, fremu ya mbao. Ikafika na boti siku ileile ya matanga, imefungwa makaratasi na kamba. Ningeifungua nyumbani. Nikasema hapana, nitaifungua mbele ya watu, wajue fundi ni nani. Nikakuta uwanja umejaa, katekista amekwisha kuomba, na mbele wameacha kiti kimoja wazi, cha kuweka foto. Nikatoa hotuba (hotuba, minye!), nikasema leo Zakaria amerudi kwetu, nikakata kamba.

Mlima ulitoka vizuri. Miti ungeihesabu. Hata viatu vya Zakaria vilitoka, na kamba zake. Lakini juu ya viatu kulikuwa na moshi mweupe umeinama, hauna macho, hauna mdomo.

Watu wakanyosha shingo. Kisha mutu nyuma akauliza, "Yeye iko wapi?" na mwingine akacheka kidogo, akajizuia. Mama mukwe akashika kichwa: "Ni minye! Ni minye nilimusalimia!" Akaanguka chini analia, na uwanja wote ukalipuka kilio. Minye natoka jasho, naeleza habari ya jicho na mwanga (nani alinituma?), mpaka katekista akasema, "Fundi, kaa chini." Nikakaa. Nikakaa kwenye kile kiti.

Yoo! Wamama wakafunika macho. Esteri akasema polepole, "Ondoka kwa kiti ya bwana yangu." Akachukua kadri, akaiangalia sana. "Minye niliomba sura. Mlima niko nauona kila siku nikifungua mulango."

Natamani ingeishia pale. Riziki akakua, akaanza masomo, siku moja akasimama mulangoni kwangu: "Papa fundi, wanasema weye njo ulimuangalia papa na aparei. Alikuwa na sura gani?" Nikamutafuta kichwani. Nikatafuta pua, nikatafuta macho, ndevu kama zilikuwapo. Ikaja milima tu, na ule mwanga mwekundu.

"Alikuwa na shati safi," nikamujibu.

"Nauliza sura, papa."

"Sijue, mama. Unisamehe."

Toka pale nimeapa: mutu akisimama mbele yangu, namuangalia yeye mpaka mwisho, jicho wazi kabisa, ziwa litoke vile linataka. Wanasema foto zangu nyuma ni ukungu mutupu, na waseme. Ile kadri ingali ukutani kwa Esteri, hana nyingine. Riziki akitoka kwenda masomo, anagusa kwanza viatu vya papa yake kwenye foto, anaaga.